Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: tufundisheni kwanza ndo mtukabidhi watoto waliokwama kusoma

Kwa wakuu wa idara ya elimu, wajumbe wa bodi ya shule na walimu wakuu wote,

Waheshimiwa,

YAH: MAFUNZO YA KUSOMA NA KUANDIKA KWA WASAIDIZI WA DARASA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Natanguliza salamu na heshima zote mnazostahili. Mimi ni msaidizi wa darasa, huu ni mwaka wangu wa 9, madarasa ya chini muda wote, na barua hii naiandika hadharani kwa sababu milango mingine yote nimeshabisha hodi. Nilianza kwa kuongea na mwalimu mkuu ana kwa ana, akanisikiliza vizuri tu, akasema nipeleke maandishi. Nikapeleka. Baadae tukaandika tena wasaidizi 11, tukasaini wote, tukajibiwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Nikaenda ofisini mwenyewe mara mbili, mara ya pili nikaambiwa niwe na subira na niache kusumbua watu. Subira nimekuwa nayo, ila watoto waliokuwa darasa la pili wakati ule sasa hivi wako la nne, na wapo ambao mpaka leo ukiwapa kitabu wanaangalia picha tu.

Naomba mnisome mpaka mwisho. Sijaja kulalamikia mshahara, hilo lina siku yake. Nimekuja na jambo moja: mnatukabidhi watoto walioshindikana kusoma bila kutufundisha jinsi mtoto anavyosomeshwa, alafu watoto wanazidi kukwama mikononi mwetu huku kila mtu anaamini wanasaidiwa. Hoja zangu nazipanga kwa namba ili mkitaka kunijibu mjue mnajibu ipi.

1. Mtoto anaemhitaji mwalimu zaidi ndo anaemkosa

Ingieni darasa lolote mkaangalie. Mwalimu yuko mbele na wale wanaokwenda nae sawa, kule nyuma kwenye meza ya pembeni kuna watoto wanne watano ambao hawajui kusoma, na anaekaa nao ni mimi. Mimi ambae siku ya kwanza kazini nilionyeshwa stoo ya vifaa, vyoo vya watoto na mahali pa kusaini, alafu nikaambiwa "hawa utakuwa unawasaidia kusoma". Basi. Nawasaidiaje, naanzia wapi, najuaje kama wamepiga hatua, hakuna aliesema na mimi niliogopa kuuliza kwa sababu nilihitaji kazi.

Uingereza walilichunguza jambo hili kwa mapana. Utafiti ulioongozwa na Profesa Peter Blatchford ulianza 2003 na ripoti ya matokeo ikatoka 2009, na walichokikuta kiliwashtua wengi: wanafunzi waliokuwa wanapata muda mwingi wa msaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wanaofanana nao ambao hawakupata msaidizi sana. Na hapo walikuwa wameshazingatia mtoto alianzia kiwango gani na kama ana mahitaji maalumu. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliumia, niliona kama nimetukanwa, nikafunga simu, nikarudia kesho yake. Kumbe watafiti wenyewe hawakuwalaumu wasaidizi. Walisema shida iko kwenye jinsi tunavyopangwa, jinsi tusivyoandaliwa na kukosa muda wa kukaa na mwalimu, na matokeo yake msaidizi anahangaika kazi iishe, daftari lijae, mtoto asionekane amebaki nyuma, mwisho anampa majibu. Hapo nikajiona mimi mwenyewe kabisa.

2. Hakuna aliyetufundisha mtoto anajifunzaje kusoma

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo penye kidonda.

Nilikuwa na mtoto mmoja ambae nilikaa nae miaka miwili. Mpole, anapenda hadithi, hajawahi kunisumbua hata siku moja. Kila siku tulikuwa tunachukua kitabu, mimi nasoma mstari, yeye anarudia, mimi nasoma, yeye anarudia, na baada ya wiki mbili hivi anausoma ukurasa mzima peke yake kwa sauti nzuri na kidole anapitisha chini ya maneno. Nilikuwa namwambia mwalimu anaendelea vizuri, na kwenye fomu ya maendeleo nikaandika hivohivo. Siku moja kurasa mbili zilikuwa zimegandana, akafunua zote kwa pamoja bila kujua, na akaendelea "kusoma" ukurasa uliofichika. Maneno yote sahihi, hakuruka hata moja, kidole chake kiko chini ya maneno mengine kabisa. Nilinyamaza. Sikuweza hata kumsimamisha, nilimwacha amalize. Miaka miwili mtoto alikuwa amekariri sauti yangu.

Na wala hakuwa anadanganya, alikuwa anafanya nilichomfundisha. Mimi ndo sikujua kwamba kukariri na kusoma ni vitu viwili, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia niwe nafunika picha, au nimwandikie neno lilelile kwenye karatasi tupu nione kama bado analitambua.

Mfano mwingine. Nilikuwa nafundisha herufi hivi: k natamka "ka", t natamka "ta". Sasa nikiwaandikia neno kito, mtoto anafuata nilivyomwambia, anatamka ka, i, ta, o, akiunganisha anapata "kaitao". Na mimi namwambia hapana, soma vizuri. Anarudia, "kaitao". Hapana. Mara ya tatu anakaa kimya na kuangalia chini. Jamani yule mtoto alikuwa sahihi! Kwa nilivyomfundisha, jibu lilikuwa kaitao kweli. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nabandika irabu kwenye konsonanti ambayo haina irabu, alafu namlaumu yeye kwa kuisoma. Hiki ni kitu ambacho mtu anaejua angeniambia kwa dakika tano: ama tamka konsonanti kwa sauti yake fupi bila kuiongezea kitu, ama mpeleke mtoto moja kwa moja kwenye silabi, ki, to, kito. Dakika tano hizo nilizisubiri miaka zaidi ya minne.

Alafu kuna hii ya kumwambia mtoto "angalia picha ukisie". Wasaidizi karibu wote tunaifanya kwa sababu tumeona wengine wanaifanya, na kwa kweli inaleta raha, mtoto anapatia na wote mnafurahi. Lakini vitabu vya mbele havina picha. Mtoto akizoea kukisia anafika darasa la tatu, anaona neno linaanza na "ma", anasema neno lolote linaloanza na "ma" na kuendelea, na anavoendelea hadithi inageuka takataka kichwani mwake.

Mambo haya hayajafichwa mahali. Marekani jopo la taifa la kusoma lilitoa ripoti yake mwaka 2000, likataja mambo matano ambayo mafundisho ya kusoma lazima yayabebe: kusikia sauti zilizo ndani ya neno, kuoanisha sauti na herufi, kusoma kwa mtiririko, msamiati, na kuelewa kinachosomwa. Miaka 14 kabla yake, 1986, watafiti Gough na Tunmer walishaeleza kwamba kuelewa maandishi kunatokana na vitu viwili vinavyozidishana, uwezo wa kulifungua neno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri na jibu ni sifuri. Msaidizi anaejua hilo tu tayari anaweza kukaa na mtoto na kujiuliza swali la maana: huyu anakwama kwenye kulifungua neno, au neno analisoma sawa ila haelewi maana? Ni watoto wawili tofauti kabisa na wanahitaji misaada tofauti, na sisi tunawapa dawa moja wote, "rudia tena".

Na kimya pia tufundishwe. Nasema kwa uzito kabisa. Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi watoto wanajibu kwa urefu na wengi zaidi wanajitokeza. Sasa kaa na mtoto aliekwama kwenye neno uhesabu sekunde tatu kimoyomoyo. Ni ndefu mno, mkono unawasha, mdomo unataka kumsaidia. Siku hizi najilazimisha, nanyamaza kwanza, kisha namwambia aangalie tena, akishindwa namwonyesha sehemu aliyokosea, akishindwa namgawia silabi, na neno zima namtajia mwisho kabisa. Ngazi hii nilifundishwa na mwalimu mmoja mstaafu kwa wema wake tu, jioni baada ya kazi, bila hata senti ya ofisi. Yeye ndie aliyenifundisha karibu kila kitu ninachowaambieni hapa.

Yule mtoto wa kurasa zilizogandana nilianza nae upya, kutoka kwenye silabi. Alichukia mwanzoni, aliona nimemrudisha chini. Muhula ukaenda. Siku moja tunatoka nje akasimama mlangoni, akaangalia kibandiko kilichoandikwa VUTA ambacho kilikuwepo siku zote alizokuwa shuleni, akasema taratibu, "vu... ta. Vuta." Akanigeukia. "Kumbe ndo maana!" Alikuwa anausukuma ule mlango tangu aanze shule. Sina namna ya kuwaeleza sura yake ilivyokuwa. Ila naweza kuwaambia nilichokiwaza mimi: angeweza kulisoma neno hilo miaka miwili nyuma.

3. Kuandika ndo kumeachwa kabisa

Kwenye kusoma angalau watu wanazungumza, kwenye kuandika tunaachiwa penseli. Kazi ya msaidizi imekuwa kushika mkono wa mtoto juu ya mkono wake na kuuburuza. Madaftari yanatoka mazuri mno, mkija kukagua mnaweka tiki. Mimi nilijaribu siku moja, tunaandika pamoja na mtoto, nikautoa mkono wangu katikati ya neno bila kumwambia. Penseli ilisimama palepale. Haikusogea. Daftari zima lilikuwa mwandiko wangu.

Na kunakili ubaoni nako kunatudanganya. Mtoto anaejua kusoma akinakili anainua kichwa mara moja, analiona neno, anainama na kuliandika lote. Asiejua anainua kichwa kwa kila herufi, na mwingine anainua mara mbili kwa herufi moja kwa sababu kwake ule ni mchoro, anachora tumbo la herufi kisha anaangalia tena kama mkia unaenda kushoto au kulia. Ndo maana b na d zinamchanganya. Ukijua kuangalia vichwa vinavyoinuka unaweza kujua nani anahitaji msaada kabla hata hajaandika kitu, na kazi hiyo ni ya msaidizi haswa, maana mwalimu ameupa ubao uso na darasa mgongo. Nani alishatuambia tuangalie vichwa?

Hatujui pia tufanye nini mtoto akiandika vibaya. Mtoto ameandika "gombe" akimaanisha ng'ombe, tunafuta yote na kumwandikia sahihi anakili. Kumbe kosa lile linaongea: kagusa g, ila sauti ya ng' bado hajaipa alama yake, anahitaji kusikia tofauti ya ng'oa na ngoma, mdomo wa mwalimu auone, kisha ajaribu tena mwenyewe. Ukifuta umefuta na ushahidi. Na kuna mtoto ambae mawazo anayo tele, ukimwambia aongee hadithi anaongea mpaka kengele inalia, ukimpa karatasi anaandika maneno matatu. Huyo anatakiwa aiseme sentensi yake kwa mdomo kwanza, airudie, ahesabu maneno yake kwa vidole, ndo aandike, na msaidizi akae pale kumkumbusha sentensi yake. Asimtungie nyingine.

4. Hatuna muda wa kuongea na mwalimu

Hii ni fupi lakini ndo inaharibu mengine yote. Naingia darasani dakika moja na watoto, natoka dakika moja na watoto. Somo la leo ni nini nalijua mwalimu anapoanza kuongea, sawasawa na mtoto. Nilichokiona kwenye meza yangu, kwamba fulani amepata silabi za mw na ny lakini za mb zinamgonga, naondoka nacho nyumbani. Mara nyingine naandika kwenye kikaratasi nakiweka mezani kwa mwalimu, kinapotelea kwenye madaftari. Mwalimu simlaumu, nae hajapewa muda, wala hajafundishwa namna ya kufanya kazi na msaidizi.

5. Semina tunazopata haziongelei kusoma

Kwa miaka 9 nimehudhuria semina nne. Moja usafi, moja nidhamu, moja huduma ya kwanza, moja ujazaji wa fomu. Zote nilizihitaji, sikatai.

6. Tumegandishwa na mtoto mmoja mpaka anatengwa

Wale wenzangu waliopewa mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu wao wana shida ya kwao. Michael Giangreco na wenzake kule Marekani waliandika mwaka 1997 kuhusu msaidizi anaekaa ubavuni mwa mtoto muda wote: mwalimu anajitoa kwa yule mtoto, wenzake hawamsogelei, na mtoto anazoea kusubiri aambiwe afanye nini. Mwenzangu mmoja aliumwa siku tatu, mtoto wake alikaa siku tatu na daftari limefungwa. Hakulifungua. Alikuwa anasubiri mkono wa kulifungua.

Sasa najua mtasema nini, kwa sababu mengine nimeshaambiwa usoni.

Mtasema bajeti hakuna. Waheshimiwa, mishahara yetu midogo tayari mnailipa, masaa yetu tayari yapo, watoto tayari wamekaa mbele yetu. Kinachokosekana ni kumfundisha mtu ambae mnamlipa kila mwezi afanye kazi hiyo. Kama hela ni chache basi ndo sababu zaidi ya kutoiacha hiyo iliyopo iishie kwenye kushikana mikono na penseli.

Mtasema hawa sio walimu, elimu yao ndogo, hawataweza. Hili linaniuma kuliko yote, na jibu lake lipo. India, kwenye miji ya Vadodara na Mumbai, shirika la Pratham lilikuwa na mpango wa wasaidizi wanaoitwa balsakhi, mabinti wa maeneo yaleyale ya shule, wengi wamemaliza sekondari tu. Walipewa mafunzo ya wiki mbili mwanzoni na kuendelea kusimamiwa mwaka mzima, kisha wakawa wanachukua watoto 15 mpaka 20 wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma, masaa mawili kwa siku, kuwafundisha yale ya msingi waliyoyakosa. Utafiti wa Abhijit Banerjee, Shawn Cole, Esther Duflo na Leigh Linden uliochapishwa 2007 ulionyesha alama zilipanda, mwaka wa pili zaidi ya wa kwanza, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa chini kabisa. Banerjee na Duflo ndio haohao waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer. Kwa hiyo mtu wa sekondari anaweza. Ila hao mabinti walifundishwa kwanza, walisimamiwa, na walipewa kazi inayoeleweka. Hayo matatu ndo sisi hatuna hata moja.

Mtasema mkiwafundisha wataondoka. Wengine wataondoka kweli. Wasiofundishwa nao wanaondoka, tena haraka zaidi, kwa sababu hakuna kinachomchosha binadamu kama kukaa mwaka mzima na mtoto usiejua umsaidie vipi. Na anaebaki bila kufundishwa, kama mimi nilivyobaki, anaendelea kuwafundisha watoto kaitao.

Mtasema mtaleta tableti na programu za kusomea. Leteni, sitazikataa. Ila programu haiwezi kuona kichwa kinachoinuka mara mbili kwa herufi moja, na mtoto aliekata tamaa haendi kuiambia tableti, anaizima.

Na wapo watakaosema kazi hii utaijua ukiwa kazini, wenzenu walijifunza hivohivo. Mimi nilijifunza kazini. Nimewaeleza watoto walilipa nini.

Tunachoomba sasa. Cha kwanza, asikabidhiwe msaidizi yeyote mtoto wa kumsomesha kabla hajapata mafunzo ya msingi ya sauti na herufi, silabi, kusikiliza mtoto anavyosoma, kumpa msaada kwa ngazi, na kuandika. Mafunzo ya siku moja ya kukaa kwenye viti na kuangalia slaidi hatuyataki. Education Endowment Foundation ya Uingereza, ambayo imekusanya tafiti za programu za wasaidizi zilizofanya kazi, inasema zilikuwa na mafunzo ya masaa 5 mpaka 30 kwa programu moja, na vipindi vifupi vifupi na watoto, mara 3 mpaka 5 kwa wiki, kwa wiki 8 mpaka 20. Hicho ni kitu cha muhula mmoja au miwili. Ombi letu ni masaa hayo yagawanywe, tufundishwe kidogo, tukajaribu na watoto wetu, mkufunzi akae pembeni atuangalie, aturekebishe hapohapo, turudi tena. Mimi yule mwalimu mstaafu alinirekebisha matamshi ya konsonanti kwa kunisikiliza tu, kwa kusoma karatasi nisingejua kamwe kwamba nakosea.

Tunaomba pia dakika 15 kila siku za msaidizi na mwalimu wake, ndani ya masaa ya kazi na ndani ya ratiba. Isiwe hisani ya mtu. Na walimu nao wapewe kipindi cha kufundishwa namna ya kutupangia kazi, kwa sababu mwalimu aniambie "kaa na hawa" na mwalimu aniambie "hawa wanne leo nataka wasome silabi za mb na nd bila picha, niandikie nani amekwama wapi" ni siku mbili tofauti kabisa kwangu na kwa watoto.

Na hili lisisahaulike: watoto waliokwama wapewe muda wa mwalimu mwenyewe angalau sawa na wenzao. Mimi naweza kukaa na wale wanaojiweza wakati mwalimu anakuja meza ya nyuma. Kugeuza huko hakuhitaji hela hata kidogo, mnaweza kuanza kesho asubuhi. Kwa wale wenye msaidizi wa peke yao, apangwe kusogea mbali kwa makusudi, siku hadi siku, mpaka mtoto alifungue daftari lake mwenyewe.

Mwisho, fomu ya maendeleo ibadilishwe. Iliyopo inauliza kama mtoto ameshiriki na kama amemaliza kazi. Yule mtoto wangu alishiriki na alimaliza kazi kwa miaka miwili na hakuwa anajua kusoma neno hata moja. Fomu iulize: amesoma maneno mangapi ambayo hajawahi kuyaona, bila picha, bila mtu kumtangulia. Ameandika sentensi gani peke yake. Tukianza kuandika ukweli huo mtaona namba mbaya mwanzoni, naomba msitufokee kwa namba hizo, ndo hali ilivyo tayari sasa hivi, tofauti ni kwamba haijaandikwa.

Benki ya Dunia ina kipimo chake cha umaskini wa kujifunza, yani mtoto wa miaka 10 asieweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Mwaka 2022 ilikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati watoto wa hivo ni kama 70 katika kila 100. Kila nikiiona hiyo namba sioni asilimia, naona meza ya nyuma. Na najua kwamba pembeni ya wengi wao kuna mtu mzima amekaa, ana nia njema, ana kitabu mkononi, na hajui aanzie wapi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla muhula ujao haujaanza, likisema lini mafunzo yanaanza, nani atafundisha, na nani kati yenu anasimamia ili tujue wa kumfuata. Jibu la "inafanyiwa kazi" tunalo tayari kwenye faili. Mkituita kikao tutakuja wote 11, siku yoyote mtakayopanga, na tutakuja na madaftari ya watoto, yale yaliyoandikwa kwa mikono yetu na yale machache yaliyoandikwa kwa mikono yao, muyaone mezani yakiwa yamewekwa pamoja.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa darasa, madarasa ya chini
Kwa niaba yangu na wenzangu 10 tuliosaini ile barua ya pamoja